Maji Chini ya Oili

Tone lililotoka lilikuwa la maji, na halikupaswa kuwa la maji.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, vyombo vya chai bado havijaoshwa, Mama Nukta ameinama juu ya meza ya kazi na bisibisi nyembamba kama sindano mkononi. Kazi ya kutia oili ilikuwa yake. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi na basi, alikuwa na vidole vinene kama ndizi, na injini alizozitengeneza zilikuwa ndogondogo, injini za mvuke za mfano, unaibeba moja kwa mkono mmoja kama birika. Wenye nazo ni watu wazima na akili zao. Huziwasha sebuleni, wakakaa kuangalia gurudumu linavyozunguka, wakachekelea. Mama Nukta alizoea kusema kwamba mwanamume haachi kuchezea vigari, anabadilisha vigari tu.

Injini ya aina hii ina kikombe cha mafuta, kidogo kama kifuniko cha kalamu, kilichoungwa kwenye bomba la mvuke. Unakijaza oili nzito, unakifunga. Injini ikiwashwa, mvuke kidogo unaingia humo, unapoa, unageuka maji. Maji yanazama chini, oili inapanda juu na kwenda kulainisha silinda. Ndiyo maana kila baada ya kuwasha unalegeza skrubu ya chini, unamwaga maji, unaongeza oili. Injini ambayo haijawashwa haina maji kwenye kikombe. Yatatoka wapi?

Na hii alikuwa ameijaza yeye mwenyewe, Jumamosi jioni, oili tupu hadi kwenye mdomo. Jumapili walishinda kwa kaka yake, karakana imefungwa. Funguo zilikuwa mbili, moja yake na moja ya Fundi. Na Fundi, Jumapili hiyohiyo, baada ya kula, aliaga kwamba anakwenda kunyoa, akachukua saa nzima na ushee, akarudi na kichwa ambacho, ukikiangalia vizuri, ungeapa hakijaguswa na mashine.

"Kumbe," alijisemea.

Akamwaga maji, akajaza oili, akafuta meza, akalinyamazia. Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele, na nyuma ya pazia tu ndipo kilipokuwa kitanda cha Nukta, mtoto wao wa miezi minane, aliyezaliwa mdogo kiasi kwamba nesi alisema huyu si mtoto, huyu ni nukta, na jina likamganda. Fundi aliapa kwamba hatawasha taa ya spiriti, ile ya kuchemshia maji ya injini, ndani ya chumba hicho. Aliapa mbele ya mama mkwe. Sasa anawasha kwa siri, tena injini ya watu, tena hii.

Hii ililetwa Jumatano iliyopita, imeviringishwa taulo, na mwanamke ambaye Mama Nukta hakumwona kwa sababu alikuwa kliniki na mtoto. Fundi alimweleza maagizo huku anacheka. "Eti ing'arishwe tu. Ndani tusiguse."

"Basi tusiguse."

"Mama Nukta, imekwama! Oili ya zamani imeganda kwenye silinda kama kioo. Injini isiyozunguka ni maiti, na mimi sioshi maiti."

Alihangaika nayo siku mbili. Ijumaa mchana pistoni ikaachia, na ilipoachia ikatoa pumzi, pfff, ndefu, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Fundi akapiga kofi pajani. "Umesikia? Imeshukuru!"

Jumanne asubuhi akafungua tena ile skrubu. Maji.

Safari hii alikuwa ameiondoa taa ya spiriti na chupa yake, akavificha kwenye mkoba wa nepi, na mkoba akalala nao miguuni. Na alipokuwa anaingiza mkono mkobani kuvihakikisha, vidole vyake vikagusa nepi, na ndipo akili yake ikarudi nyuma hatua kwa hatua akabaini jambo jingine ambalo alikuwa analiona bila kuliona: nepi zile zilikuwa zilezile. Tangu Jumamosi Nukta alikuwa amelowesha nepi mbili tu. Mtoto ambaye zamani alikuwa analowesha mpaka godoro!

Akamchukua mbiombio hadi zahanati. Nesi akamvuta ngozi ya tumbo, akamtazama midomo iliyopasukapasuka, akauliza kama anaharisha. Haharishi. Anatapika? Hatapiki. Ananyonya? Ananyonya kama ndama.

"Sasa maji yanakwenda wapi?" nesi akauliza, akiandika.

Mama Nukta alipewa dawa ya kuchanganya na maji, akarudi nayo, akampa Nukta kijiko baada ya kijiko. Nukta alilia, akakunja uso wote, na machoni halikutoka hata chozi.

Mchana Fundi akatoka kwenda kutafuta bati la shaba. Jua lilikuwa linaingia dirishani, jirani anaponda kitu kwenye kinu, redio ya mtu inasoma matokeo ya mpira. Mama Nukta alikuwa nyuma ya pazia, amekaa kitandani, mtoto amelala pajani. Ndipo akasikia.

Tss. Kimya. Tss. Kimya.

Akadhani ni jiko. Jiko halikuwashwa. Akamlaza mtoto, akasogeza pazia kwa kidole kimoja, na akaliona gurudumu la ile injini ndogo linazunguka, polepole, bila haraka yoyote, pistoni inaingia na kutoka kama ulimi. Chini ya boila, lile tangi la maji, hakukuwa na taa, taa alikuwa nayo yeye. Akajikaza, akasogea, akagusa boila: baridi kama kisu. Akasogeza kiganja kwenye bomba la kutolea mvuke, lile dogo kama mrija, na kilichomgusa kiganjani kilikuwa cha uvuguvugu na kina unyevu, na kilipomfikia puani akaurudisha mkono ghafla, maana haikuwa harufu ya mvuke wala ya oili, ilikuwa harufu ya maziwa, maziwa yaliyochachuka kidogo, harufu ya mdomo wa Nukta anapopiga miayo.

Tss. Na nyuma yake, kitandani, Nukta akatoa pumzi.

Kimya. Nukta akavuta pumzi.

Tss. Akatoa.

Alisimama katikati ya pazia, jicho moja kwa injini na jicho moja kwa mwanawe, akahesabu, akahesabu tena, akamwomba Mungu iwe amekosea kuhesabu, lakini kifua kile kidogo kilipanda pistoni ilipoingia na kushuka pistoni ilipotoka, hakikutangulia wala hakikuchelewa, na gurudumu lilipofika juu likasita kidogo, kama magurudumu madogo yanavyosita, kifua nacho kikasita, kikakaa juu, kikakaa, kikakaa mpaka yeye mwenyewe akasahau kupumua, ndipo gurudumu likaanguka upande wa pili na mtoto akashusha pumzi.

Mlango ukafunguliwa. Gurudumu likasimama pale pale, na Fundi akaingia na bati lake kwapani.

"Mbona umesimama kama mwizi?"

"Baba Nukta, niambie ukweli. Umefanya nini na hii injini?"

"Mimi?" Fundi akaliegemeza bati ukutani taratibu. "Nilikuwa nasubiri uniambie wewe. Unaiwasha lini? Nikitoka tu?"

"Nani anaiwasha?"

"Mama Nukta, mimi si mjinga. Jumapili nilipita hapa kutoka kwa kinyozi, foleni ndefu nikaghairi, nikasema niione. Nikafungua kikombe, maji. Nikamwaga, nikajaza. Jana mchana, maji. Jana jioni, maji. Nikasema mke wangu amenogewa na vigari, anaona aibu kusema."

Mama Nukta akaketi kwenye kigoda. Yeye amemwaga asubuhi, mume amemwaga mchana, kila mmoja anamchunga mwenzake, na kila mmoja, kwa uaminifu wa kazi, anajaza oili upya. Siku tatu nzima walikuwa wanailisha zamu kwa zamu.

"Taa ninayo mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu jana. Iko kwenye mkoba."

Fundi akacheka, kicheko kisichofika mbali. "Umechoka, mama. Hulali vizuri."

"Njoo uone mwanao anavyopumua."

"Mama Nukta..."

"Njoo!"

Wakasimama wote wawili kwenye pazia. Dakika moja, mbili. Halafu, tss. Fundi alitazama injini, akatazama mtoto, akatazama injini, akarudi nyuma akaligonga bati, likaanguka kwa kishindo bila yeye kugeuka. Kisha akanyoosha mkono kulishika gurudumu alisimamishe.

"Usiliguse!" Mkewe alimdaka mkono. "Ukilisimamisha kwa nguvu, je, na yeye?"

Akatumwa mtu kwa shangazi yake Fundi. Shangazi huyu alikuwa ametia mafuta mashine za kiwanda cha nguo maisha yake yote, na alipostaafu akaendelea na kazi yake ya pili, ya kutoa vitu visivyoonekana kwenye nyumba za watu. Hakuwa na ushanga wala moshi. Alikuja na kandambili na mfuko wa plastiki, akaomba maji ya kunywa, akainusa injini mbele na nyuma kama anayechagua samaki.

"Ilipokuja ilikuwa inazunguka?"

"Ilikuwa imekwama, Shangazi," Fundi alijibu. "Oili iliganda ndani."

"Na wewe ukaigandua."

"Ndiyo kazi yangu."

"Ndiyo kazi yako," Shangazi alirudia. "Mwanangu, oili haigandi kama kioo kwa kusahauliwa. Kuna mtu alitaka igande. Hiyo ilikuwa kufuli, nawe kwa ufundi wako ukafungua. Mwenyewe hakukuambia kitu?"

Fundi alikuna shingo. "Alisema ndani tusiguse."

"Haya. Masikio unayo, kumbe ya kuvalia miwani."

Mama Nukta angecheka siku nyingine. "Tuivunje, Shangazi. Nipeni nyundo."

"Uvunje, na pumzi ya mtoto imo? Sikiliza, mke wetu. Kilichomo humu hakina pumzi, kinaazima. Na hakina maji, kinakunywa. Hatukivunji. Tutakikwamisha kilivyokuwa, taratibu, huku mtoto tunamwachisha mwendo wa injini. Fundi, una vanishi?"

"Ya mbao ipo."

"Mwaga oili yote. Jaza vanishi kwenye kikombe. Mkono wako, si wa mkeo. Aliyefungua ndiye anafunga."

Fundi akaichukua chupa ya vanishi akabaki ameishika. Maisha yake yote hajawahi kuharibu silinda kwa makusudi. Mama Nukta alimwona anavyoitazama ile shaba aliyoisugua ikang'aa, na shaka ikampanda upya mpaka utosini: anaipenda. Anapima.

"Baba Nukta," akanong'ona, "ukichelewa nitajua umechagua nini."

Akalegeza skrubu. Maji yakatoka, si tone, yakamwagika mpaka mezani, kikombe kidogo kama kile kikatoa maji ya kujaza bilauri. Kitandani Nukta akakoroma kama mzee. Fundi akamimina vanishi, akafunga.

Gurudumu likaanza kukimbia.

Tss-tss-tss-tss, na kifua cha Nukta nacho kikakimbia, mbavu zikaonekana moja moja, na Shangazi akapaza sauti, "Mnyonyeshe! Mtoto anayenyonya hapumui kwa amri ya mtu, anameza kwanza!" Mama Nukta akampakata, akamwekea titi mdomoni, ule mdomo mkavu ukateleza, akamrudishia, ukateleza tena, na pale mezani, kutoka kwenye bomba dogo kama mrija, ikatoka sauti ambayo haikuwa ya chuma, sauti ya mwanamke anayebembeleza, laini, ya kitandani, *lala mama, lala, usinyonye, umeshashiba*, na Mama Nukta alipoisikia nywele zilimsimama kwa sababu ilikuwa sauti yake yeye, na pua yake yenye mafua kidogo na kila kitu, na Nukta aliifahamu, akageuza shingo kuifuata, akaliacha titi, macho yakaanza kurembuka, na mama akamshika kichwa kwa mikono miwili akamgeuza kwake na kusema kwa sauti kubwa kuliko ile, sauti mbaya, ya kukwaruza, isiyobembeleza mtu, "Nyonya! Mama yako ni huyu hapa! Nyonya, Nukta, nyonya wewe!" na maziwa yakamwagika usoni mwa mtoto, na mtoto, labda kwa mshangao tu wa kupigiwa kelele, akakamata.

Akavuta. Akameza. Akasita, akapumua kwa pua, akavuta tena. Mbili na kumeza, tatu na kumeza, hovyohovyo, mwendo wa mtoto mwenye njaa ambao hakuna gurudumu linaloweza kuufuata. Mezani injini ikajikwaa. Ikazunguka nusu, ikarudi robo, ikavuta kama mtu anayechomoa mguu kwenye tope. Harufu ya vanishi ikajaa chumba kizima. Halafu ikanyamaza.

Ndipo Mama Nukta akahisi joto likimtiririkia pajani, likalowesha gauni, likalowesha shuka, likashuka mpaka sakafuni. Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Amekojoa," akasema. "Baba Nukta, amekojoa!"

"Msifute haraka," Shangazi alisema, akitafuta kandambili zake. "Mkojo mzuri huo. Na mwenye injini akija, apewe chake. Msikae nacho hata siku."

Alikuja kesho yake, kabla ya adhuhuri. Mwanamke mrefu, mpole, skafu imefungwa vizuri. Hakuuliza injini imeng'aa vipi. Alilishika gurudumu kwa vidole viwili, akalijaribu kulizungusha, lilipokataa akafumba macho, mabega yakamshuka.

"Asante," alisema. "Niliogopa mtaifungua. Marehemu baba aliifunga kwa shida sana."

Nyuma ya pazia Nukta akalia, kilio kizuri chenye machozi. Yule mwanamke akageuka ghafla.

"Mna mtoto humu?"

"Wangu," Mama Nukta alijibu. "Miezi minane."

"Mdogo wangu, mimi nilimuuliza fundi. Kabla sijaishusha hapa, nilimuuliza, nyumba hii ina mtoto? Akasema hamna."

Mama Nukta akamgeukia mumewe. Fundi alikuwa anapangapanga skrubu kwenye kisahani ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Wateja hawapendi nyumba yenye mtoto," alisema bila kuinua macho. "Vitu vidogo vinapotea. Huwa nasema hivyo kwa wote. Ni neno la kazi tu, Mama Nukta."

"Kwa wote," Mama Nukta alisema.

"Ni neno tu."

Mama Nukta aliingia nyuma ya pazia, akambeba Nukta, akatoka naye na kusimama karibu na mlango, ambako alikuwa anawaona wote wawili.

"Wangu alikuwa na miezi kumi," yule mwanamke alikuwa anasema, taratibu, kama anayesimulia habari za nyumba ya mtu mwingine, huku anatandika taulo lake mezani. "Tulidhani ni homa. Baba alipojua, alikuwa ameshachelewa, akaifunga hivyohivyo." Akainyanyua injini aiviringishe, na alipoisogeza karibu, uso wake ukapita mbele ya lile bomba dogo.

Akasimama. Akarudisha uso. Akanusa, mara moja, mara mbili, mdomo wazi kidogo. Mama Nukta alimwona jinsi uso ule mpole ulivyolegea, ukawa uso wa msichana.

"Ni yeye," alinong'ona. "Ni maziwa yake."

"Dada," Mama Nukta alisema, "dada, si yeye. Hata kwangu kilinuka..."

Lakini yule mwanamke hakuwa anamsikia. Alikuwa amemtazama Fundi, na sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa, ya mteja.

"Fundi, hebu nikuulize. Kama mtu angetaka kuigandua, angetumia nini?"

"Usimjibu," Mama Nukta alisema.

Ila Fundi alikuwa ameulizwa swali la kazi, na swali la kazi alikuwa hajawahi kulikalia kimya tangu ashike bisibisi.

"Mafuta ya taa," alisema, na mkewe akaona kwamba neno lilikuwa limeshatoka kabla yeye mwenyewe hajajua anasema. "Siku mbili. Na moto mdogo."

"Asante sana."

Mama Nukta alibaki mlangoni, amembana Nukta kifuani, akamwangalia yule mwanamke anavyokwenda zake mtaani katikati ya jua na watu. Hakuibeba injini kama watu wanavyobeba mzigo. Alikuwa ameilaza begani, taulo limefunika kichwa, na kwa mkono mmoja alikuwa anaipigapiga mgongo, polepole, kama anayesubiri icheue.